Kuratibu kazi zinazojiendesha: mwongozo kamili kwa wasanidi programu

Programu ikishapata watumiaji, huanza kudai kazi ambazo hakuna mtu anayezibonyezea kitufe. Ankara zitolewe kila mwezi. Nakala rudufu ya hifadhidata ichukuliwe usiku. Akaunti ambazo hazikuthibitishwa zifutwe. Ripoti iwe tayari kabla ya watu kuingia kazini. Hapo ndipo msanidi anapohitaji kiratibu, yaani programu ambayo shughuli yake ni kuanzisha programu nyingine kwa wakati uliopangwa.

Kuanzisha kazi kwa saa ni jambo lililopatiwa ufumbuzi zamani. Amri ya cron ilikuwamo katika Toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na ile aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987 ndiyo mzazi wa cron nyingi zinazotumika kwenye Linux leo. Ugumu uko kwingine: kazi iliyoendeshwa mara mbili, kazi iliyokatika katikati, na kazi ambayo haikuendeshwa kabisa bila mtu yeyote kujua. Viratibu havikuepushi na hayo matatu. Wewe ndiye unayeyazuia, kwa namna unavyoiandika kazi yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kazi, na chombo kinafuata baadaye.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi na uzihoji

Fungua faili moja ndani ya hazina ya msimbo na uandike kila kazi inayojiendesha. Kwa kila moja jibu maswali haya: Ikikosa zamu moja, kuna hasara gani? Ikiendeshwa mara mbili, nani ataumia? Huchukua muda gani kwa kawaida, na muda gani ukizidi ujue imekwama? Nani ataamshwa ikishindwa?

Majibu hutenganisha kazi zinazofanana kwa nje. Kusafisha faili za muda kukikosa zamu, hakuna neno, zamu ijayo itazoa zote. Kutoza wateja kukirudiwa, umechukua fedha za watu mara mbili. Kazi hizi mbili zaweza kuwa na mstari mmoja wa ratiba unaofanana herufi kwa herufi, lakini hazistahili uangalizi sawa.

Swali la mwisho ndilo linalorukwa sana. Kazi isiyo na mwenyewe itakufa, na hakuna atakayeuliza iko wapi.

Hatua ya 2: Iandike kazi iweze kurudiwa bila madhara

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uitumie muda mwingi kuliko zote. Kila kiratibu, kiwe kidogo au kikubwa, siku moja kitaiendesha kazi yako zaidi ya mara moja. Seva itazimika baada ya kazi kukamilika lakini kabla ya kuandika kwamba imekamilika. Mwenzako ataiendesha kwa mkono akidhani ilishindwa. Hata nyaraka za Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva, zinakiri wazi kwamba CronJob, yaani kazi yake ya ratiba, yaweza kuanzisha kazi mbili kwa zamu moja, au isianzishe hata moja, na zinashauri kazi iandikwe kwa kulizingatia hilo.

Jambo la kwanza: usiiache kazi ijiulize leo ni lini. Ipe tarehe kama hoja, yaani thamani unayoikabidhi unapoianzisha. Kazi inayosema «toa ankara za mwezi uliopita» hubadilika maana kila unapoiendesha. Kazi inayosema «toa ankara za 2025-03» ina maana ileile hata ukiiendesha baada ya nusu mwaka. Faida yake utaiona siku utakapotaka kurudia zamu tatu zilizopotea: unabadilisha tarehe tu, bila kugusa msimbo.

Jambo la pili: iachie hifadhidata ikatae marudio. Kuangalia kwanza kama ankara ipo ndipo uiandike hakutoshi, kwa sababu michakato miwili yaweza kuangalia kwa pamoja, yote ikaona haipo, na yote ikaandika. Weka sharti la upekee kwenye jedwali, kisha andika hivi:

```
INSERT INTO ankara (mteja_id, mwezi, kiasi)
VALUES (4071, '2025-03-01', 15000)
ON CONFLICT (mteja_id, mwezi) DO NOTHING;
```

Hifadhidata ya PostgreSQL imekuwa na ON CONFLICT tangu toleo la 9.5. Mbele ya sharti hilo, hata michakato kumi ikishindana, ankara itabaki moja.

Jambo la tatu ni gumu zaidi: athari zinazotoka nje ya hifadhidata yako. Baruapepe ikishatumwa hairudi. Malipo yakishapita, kuyarejesha ni kesi nyingine. Hapa huwezi kufunga kila kitu ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la hatua zinazofaulu zote au kufutwa zote, hivyo lazima uchague upande. Ukiandika «imetumwa» kabla ya kutuma, na mchakato ukafa katikati, ujumbe hautafika kamwe. Ukiandika baada ya kutuma, na mchakato ukafa katikati, ujumbe utatumwa tena. Kwa kikumbusho cha kawaida, heri kifike mara mbili. Kwa malipo usichague upande wowote kati ya hiyo. Tumia ufunguo wa kipekee ambao huduma ya malipo huutambua. Stripe, kwa mfano, hupokea kichwa cha ombi kiitwacho `Idempotency-Key`: ombi likija tena na ufunguo uleule, hurudisha jibu la mwanzo badala ya kutoza upya. Ufunguo huo uutengeneze kutokana na kazi yenyewe, mathalani namba ya mteja na mwezi. Ukiuzalisha kwa bahati nasibu kila mara kazi inapoanza, kila jaribio litaonekana jipya na kinga yote imepotea.

Jambo la nne: igawe kazi kubwa. Kazi inayopitia wateja laki moja kwenye muamala mmoja, ikianguka kwa mteja wa mwisho, huanza upya yote. Ipitishe mafungu ya mia tano, na baada ya kila fungu iandike ilipofika.

Hatua ya 3: Chagua chombo kidogo kinachotosha

Kama una seva moja ya Linux na kazi zisizozidi vidole vya mikono miwili, cron inatosha. Vipima saa vya systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi, ni bora kidogo, na nitaeleza kwa nini hapo chini. Usione haya kutumia vya zamani. Vinaeleweka na vimejaribiwa na miaka.

Kama ratiba ni sehemu ya programu yenyewe, mathalani kila mtumiaji hujipangia saa ya kupokea ripoti, basi maktaba ya ndani ya lugha yako inafaa zaidi: Quartz kwa Java, Celery na beat (kiratibu chake) kwa Python, Sidekiq kwa Ruby, Hangfire kwa .NET, BullMQ kwa Node.js. Tahadhari moja: ukiwa na nakala tatu za programu nyuma ya kigawanya mzigo, na kila nakala ina kiratibu ndani yake, kila kazi itaendeshwa mara tatu. Celery inataka beat iwe moja tu kwa ratiba moja. Quartz huweza kuratibu nakala nyingi, lakini mpaka uisanidi itumie hifadhidata ya pamoja.

Kama tayari unatumia Kubernetes, tumia CronJob, iliyotangazwa kuwa imara katika toleo la 1.21 mwaka 2021. Usijenge klasta, yaani kundi zima la seva, kwa ajili ya ratiba peke yake.

Kama kazi zako zinategemeana, yaani B isianze mpaka A imalizike, na C ingoje zote mbili, hapo ndipo Apache Airflow inapopata maana. Ilianzia Airbnb mwaka 2014, ikawa mradi kamili wa Apache mwaka 2019. Ina uzito wake wa kuitunza, basi hakikisha utegemezi upo kweli. Wapo wanaoukwepa kwa kuipanga A saa 8 usiku na B saa 9 usiku wakitumaini saa moja inatosha. Data ikikua, A itavuka saa moja, na B itasoma jedwali lililojaa nusu bila kulalamika. Ukijikuta unakisia muda namna hiyo, kama hutaki Airflow, angalau iache A yenyewe iiite B ikimaliza.

Hatua ya 4: Andika mstari wa ratiba kwa uangalifu

Mstari wa cron una sehemu tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Huu hapa ni mfano ambao waweza kuuiga, uandikwe wote kwenye mstari mmoja:

```
17 2 * * * flock -n /var/lock/ripoti.lock timeout -k 60 30m /opt/programu/bin/ripoti --siku "$(date -u -d yesterday +\%F)" >> /var/log/programu/ripoti.log 2>&1
```

Kila kipande kina sababu. `flock -n` hushika kufuli. Kama zamu iliyopita bado inaendelea, zamu mpya huondoka mara moja bila kusubiri. Kufuli hili hushikiliwa na kiini cha mfumo, kwa hiyo mchakato ukifa linafunguka lenyewe, tofauti na faili la alama ambalo hubaki nyuma na kuizuia kazi milele. `timeout` huisimamisha kazi ikipita dakika 30, na `-k 60` huiua kabisa baada ya sekunde 60 kama imekataa kusimama. Alama ya asilimia imetanguliwa na mkwaju wa kinyume (`\`) kwa kuwa cron huigeuza asilimia tupu kuwa mwanzo wa mstari mpya. Hilo limewapotezea watu muda mwingi, kwani amri hiyohiyo hufanya kazi vizuri kwenye terminali.

Njia zote zimeandikwa kamili kwa makusudi. Cron haisomi mipangilio ya ganda lako (programu inayopokea amri zako kwenye terminali): PATH yake, yaani orodha ya mahali pa kutafutia programu, kwa kawaida huwa `/usr/bin:/bin` tu, na ganda lake ni `/bin/sh`. Ukisikia «kwangu inafanya kazi, kwenye cron haifanyi», anzia hapo.

Dakika 17 nayo si ya bahati. Kila mtu hupanga kazi zake saa kamili, na mzigo hurundikana hapo. GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi zinazojiendesha, yenyewe inaonya kwamba kazi za ratiba zaweza kuchelewa wakati wa msongamano, hasa mwanzoni mwa kila saa.

Mitego mingine ya sarufi ya cron: `*/7` kwenye dakika haina maana ya kila baada ya dakika saba daima, huishia dakika ya 56, kisha huanza tena sifuri, na pengo hilo ni la dakika nne. `0 6 1 * 1` haiendeshi kazi tarehe mosi ikiangukia Jumatatu. Huiendesha kila tarehe mosi na pia kila Jumatatu. Tarehe 31 itaruka miezi mitano ya mwaka. Kwa kazi za mwisho wa mwezi, panga tarehe mosi na uipe kazi mwezi uliopita kama hoja.

Pia, usihariri ratiba moja kwa moja kwenye seva. `crontab -r` hufuta ratiba yote bila kuuliza, na herufi r iko jirani na e kwenye kibodi. Weka ratiba kwenye Git na uipeleke kama unavyopeleka msimbo mwingine.

Kwa systemd, sehemu ya ratiba ni hii:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:17:00 UTC
Persistent=true
RandomizedDelaySec=300
```

`Persistent=true` ndiyo inayonifanya niipendelee: kama mashine ilikuwa imezimwa saa ya zamu, kazi huendeshwa mara tu ikiwashwa, ilhali cron ingeiruka kimya. Tena systemd haianzishi huduma ambayo bado inaendelea, kwa hiyo kufuli unalipata bure. Lakini huduma ya aina ya oneshot, yaani inayofanya kazi yake mara moja na kutoka, haina kikomo cha muda mpaka ukiweke mwenyewe kwa `TimeoutStartSec`. Kabla ya kuamini ratiba, iulize: `systemd-analyze calendar "*-*-* 02:17:00 UTC"` itakuonyesha zamu inayofuata.

Kwa CronJob ya Kubernetes, usiridhike na chaguo-msingi. `concurrencyPolicy` huwa Allow, yaani zamu zinaruhusiwa kupandana, iweke Forbid. Weka `activeDeadlineSeconds` kama kikomo cha muda, na `startingDeadlineSeconds` ili kidhibiti kijue kichelewe hadi lini. Bila hiyo ya mwisho, zamu zikikosekana zaidi ya 100, kidhibiti chaweza kukataa kuzifidia na kuandika kosa kwenye logi.

Hatua ya 5: Seva iwe kwenye UTC

Panga ratiba kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyobadilika kwa majira, kila unapoweza. Katika nchi zinazobadilisha saa, kuna siku yenye saa 23 na siku yenye saa 25. Marekani, Jumapili ya pili ya Machi, saa huruka kutoka 02:00 hadi 03:00. Kazi iliyopangwa 02:17 kwa saa za huko haina wakati wake siku hiyo. Novemba, kipindi cha 01:00 hadi 02:00 hupita mara mbili. Kila kiratibu kina namna yake ya kushughulikia hali hii, na hazifanani.

Inapobidi kufuata saa ya mtumiaji, hifadhi jina la ukanda, kama `Europe/Paris`, wala si tofauti ya saa kama +1. Tofauti hubadilika, jina hubeba kanuni zake. Kubernetes ina sehemu ya `timeZone` kwa ajili hiyo, imara tangu toleo la 1.27.

Hatua ya 6: Kufuli panapokuwa na seva nyingi

`flock` inalinda mashine moja. Zikiwa nyingi, tumia kitu wanachokiona wote, na mara nyingi tayari unacho: hifadhidata. `pg_try_advisory_lock` ya PostgreSQL hurudisha kweli kwa aliyewahi na si kweli kwa wengine, na kufuli huachiwa muunganisho ukikatika. Ukitumia PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho ya PostgreSQL, katika hali ya kugawa miunganisho kwa kila muamala, usitumie kufuli hilo, kwa kuwa ni la kikao. Chukua `pg_try_advisory_xact_lock`, ambalo huisha pamoja na muamala.

Kwa kazi nyingi ndogo, jedwali la foleni ni bora kuliko kufuli moja kubwa:

```
SELECT id FROM kazi
WHERE hali = 'inasubiri' AND saa_ya_kuanza <= now()
ORDER BY saa_ya_kuanza
LIMIT 1
FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Kila mchakato huchukua mstari ambao hakuna mwingine aliyeushika. Programu nyingi haziihitaji foleni kubwa zaidi ya hii.

Hatua ya 7: Kurudia baada ya kushindwa

Tenganisha makosa. Mtandao umekatika, seva ya pili imejibu 503 (huduma haipatikani kwa sasa): subiri ujaribu tena. Anwani ya baruapepe haipo, faili limeharibika: kurudia mara mia hakutaiponya. Kwa makosa ya kundi la kwanza, ongeza muda wa kusubiri maradufu kila jaribio, sekunde 30, kisha 60, kisha 120, na uchanganye na kiasi cha bahati nasibu ili michakato yote isirudi kwa mpigo na kuiangusha tena huduma inayojaribu kuinuka. Weka ukomo wa majaribio. Yaliyoshindikana yapeleke kwenye jedwali lake pamoja na ujumbe wa kosa, mahali ambapo mtu atayatazama.

Hatua ya 8: Kimya kina mshindo

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya huduma ya kuhifadhi msimbo, alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu ya GitLab.com. Walipozitafuta nakala rudufu zilizopaswa kuchukuliwa na kazi ya ratiba, hazikuwepo. Amri ya `pg_dump`, inayochukua nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo ilishindwa kila mara. Cron ilikuwa ikituma taarifa za kushindwa kwa baruapepe, ila baruapepe hizo zilikataliwa na seva ya mpokeaji kwa kuwa hazikukidhi masharti ya DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji wa baruapepe. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa kwa mkono takriban saa sita kabla, na data ya saa hizo sita ikapotea. Waliyaeleza yote hadharani, na kwa hilo wamewasaidia wengi.

Ona kwamba taarifa za kushindwa zilikuwepo. Kasoro ni kwamba mfumo ulitegemea habari mbaya ifike. Geuza utaratibu: kazi itoe ishara inapofanikiwa, na mfumo mwingine, ulio nje ya seva hiyo, upige kengele ishara isipofika kwa wakati. Healthchecks.io hufanya hivyo kwa ombi moja la HTTP mwishoni mwa kazi. Ukiwa na Prometheus, mfumo wa kukusanya vipimo na kupiga kengele, andika wakati wa mafanikio ya mwisho na uweke kengele ukipita saa 26 kwa kazi ya kila siku. Saa mbili za ziada ni nafasi ya kuchelewa kwa kawaida.

Ishara ya mafanikio itoke baada ya kukagua matokeo, isiwe kwa sababu amri imefika mwisho tu. Nakala rudufu iwe na ukubwa unaolingana na ya jana. Ripoti iwe na mistari. Na nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa kwenye hifadhidata ya majaribio usiihesabu kuwa ipo. Ipangie nayo kazi yake ya kurejesha kila wiki.

Kwenye logi, andika mwanzo, mwisho, muda uliotumika, idadi ya vilivyoshughulikiwa na namba ya zamu. Muda na idadi vikianza kupanda, utaona kikomo kinakaribia kabla hakijafikiwa.

Hatua ya 9: Ijaribu kwa kuiumiza

Kwenye mazingira ya majaribio, endesha kazi mara mbili mfululizo kwa tarehe ileile, kisha linganisha majedwali, yasitofautiane. Endesha mbili kwa wakati mmoja. Iue katikati kwa `kill -9`, iendeshe tena, angalia kama imemalizia palipobaki. Ipe tarehe 29 Februari. Mwisho izime makusudi kwenye uzalishaji, yaani mazingira halisi ya watumiaji, kwa kazi isiyo na hatari, ungoje kengele. Isipolia, rudi hatua ya 8.

Hatua ya 10: Kuhama na kuzima

Unapopeleka toleo jipya la programu, michakato ya zamani hupokea SIGTERM, ishara ya kuiomba isimame. Iandikie kazi namna ya kuisikia: imalize fungu iliyonalo, iandike ilipofika, itoke.

Ukihamia seva mpya, ratiba ya zamani haihami. Inabaki ikiendelea huko ilikokuwa, na programu mbili zitaanza kutuma ripoti zilezile. Kabla ya kuwasha upande mpya, ingia kwenye seva ya zamani, pitia `crontab -l` ya kila mtumiaji, faili zote za `/etc/cron.d`, na `systemctl list-timers --all`. Linganisha na orodha uliyoiandika hatua ya 1. Ukikuta kazi isiyomo kwenye orodha, usiifute siku hiyo. Isimamishe, andika tarehe na jina lako kando yake, na uifute mwezi ukipita bila mtu kuidai. Kama ni kazi ya kila robo mwaka au ya kila mwaka, ngoja mpaka zamu yake moja ipite.